Kisiki Chenye Kinyongo

Pamba alipokiona kile kisiki juu ya jalala, kati ya godoro lililotoka matumbo na ndoo isiyo na kitako, alisimama kwa adabu kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani. Kilikuwa kinene kama paja, kimejikunja mgongo, hakina jani hata la dawa. Mwingine angeona kuni. Pamba aliona pikipiki, maana wiki ile ile, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, alikuwa ameona gazetini picha ya mti mzee uliodumazwa ndani ya kisahani. Bonsai, waliuita, na bei yake ilikuwa ya pikipiki mpya.

Jina la Pamba alilipata kwa ajili ya viganja vyake. Katika miaka thelathini na minne havikuwahi kushika jembe, nyundo wala ufagio, na mwenyewe aliapa vitaingia kaburini laini vivyo hivyo. Mama yake, fundi cherehani mwenye vidole vilivyochoka kuchomwa na sindano, alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: amwone mwanawe akirudi nyumbani na jasho la halali. Kwa hiyo Mungu alikuwa amepokea maombi mawili yanayopingana kutoka nyumba moja, na bado hakuwa ameamua.

"Mama, naazima sinia."

"La nini?"

"La biashara."

"Biashara! Mungu akubariki, mwa... We! Mbona unalitoboa?"

Alilitoboa kwa msumari na kisigino cha kiatu, ili maji yapate pa kutokea. Miiba ya kisiki aliiondoa mmoja mmoja kwa kikatio cha kucha. Akakipandikiza kwenye udongo na kokoto, akakipaka mafuta ya nywele, akakifunika kitambaa cheupe.

Saa nne asubuhi alikuwa barazani kwa Bi Daktari, mng'oa meno mstaafu, mwenye bustani pana na pochi ngumu kufunguka.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba. Jino lipi?"

"Si jino, mama. Nimekuletea mzee wa miaka mia na ishirini."

Akafunua kitambaa. Bi Daktari alivaa miwani. Alikwaruza gome kwa ukucha, chini yake pakatokea ukijani. Akapapasa makovu palipokuwa na miiba. Mwisho akagusa kipande cha waya wa kuanikia nguo kilichomezwa na gome, akakohoa kidogo.

"Ni mti gani huu?"

"Jina la kitaalamu ni refu, tutachelewa chakula cha mchana. Sisi wataalamu tunauita Babu wa Mlimani. Duniani ipo mitatu tu."

"Na unachimbwaje?"

Hapo ndipo Pamba alipojipalia makaa. Ulimi ulikuwa umeshapata mteremko.

"Kwa mkono, mama! Mashine ni mwiko. Ukikaribia mizizi unaweka jembe chini, unashika kijiko. Kila mzizi unauchana kama nywele za mtoto. Ukikata mmoja tu, mti unakufa kwa huzuni. Kisha shimo ulifukie na kulisawazisha siku hiyo hiyo, maana mti huu una kinyongo."

Bi Daktari aliyaandika yote nyuma ya kadi ya miadi ya wagonjwa. Kisha akasimama.

"Mitatu tu, eti? Basi njoo nyuma uone."

Nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa ua wa miti, visiki kumi na kimoja vilikuwa vimejipanga mstari, ndugu wa tumbo moja na yule wa kwenye sinia. Mwishoni palikuwa na shimo tupu. Miguu ya Pamba ilianza kufikiria kukimbia.

"Kumbe nimekalia mali!" Bi Daktari alishika kifua. "Na juzi tu kaja meneja wa hoteli, anataka visiki vya namna hii kupamba ukumbi. Bei yoyote, kasema, mradi mizizi iwe mizima. Nikamwona kichaa! Sasa vibarua watanikatia mizizi, mwanangu. Mtaalamu nimpate wapi? Ningempa nusu kwa nusu."

Pamba alimshukuru Mungu kwa macho mabovu ya wastaafu. Wajinga wawili kwa siku moja, bibi huyu na meneja wake! Aliviangalia viganja vyake kama mtu anayemuaga msafiri.

"Nipe jembe, mama."

Alichimba siku tatu, usiku akilala palepale barazani. Miiba ilimchana hadi masikioni. Bi Daktari aliketi kivulini na kikombe cha chai na kadi yake, hakumruhusu kuruka hata mstari mmoja.

"Kijiko, mtaalamu! Hapo umefika kwenye mzizi."

"Huu mdogo tu, mama."

"Utakufa kwa huzuni huo. Chana!"

Malengelenge yaliota, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Siku ya tatu alasiri visiki vyote vilikuwa nje na ardhi imelala sawa kama meza. Ndipo fundi mwashi alipoingia na kamba ya kupimia ukuta, akashangaa.

"Nani kayang'oa haya maua ya bogenvilia? Mimi niling'oa kisiki kimoja, nikakitupa jalalani, nikamwambia mama vilivyobaki sivigusi hata kwa mshahara wa mwezi!"

Pamba alimgeukia Bi Daktari polepole.

"Na meneja wa hoteli?"

"Yuko mlimani, kwa Babu yako." Akavua miwani. "Mwanangu, nimeng'oa mizizi miaka thelathini na minane. Makovu ya miiba uliyaacha wazi, na ule waya niliufunga mimi mwenyewe. Lakini jambo moja ulilipatia bila kujua: bogenvilia ni bonsai nzuri sana. Imwagilie, ipogoe, subiri miaka minne. Ibebe. Na visiki tulikubaliana nusu. Chukua sita, sina roho mbaya."

Pamba aliviacha visiki, akabeba sinia na Babu wake. Mama alimpokea mlangoni ili amgombeze, mikono yao ikagusana chini ya sinia. Mama akaliweka sinia chini, akavigeuza vile viganja kwenye mwanga, machozi yakamlengalenga. Kisha akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani majikoni.

"Njooni muone! Mwanangu kafanya kazi!"

Pamba alifungua mdomo akanushe. Lakini kukanusha kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka akiri mbele ya mtaa mzima kwamba ameuvaa mkenge alioushona mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani hakupata uongo wowote wa kumfaa. Tena mama alikuwa analia kwa furaha, na hilo, aibu ilioje, lilimfurahisha.

"Kazi gani hiyo?" jirani mmoja aliuliza.

"Kung'oa visiki," Pamba alijibu, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Mimi nina kisiki cha mpera nyuma ya choo, kimenishinda mwaka mzima."

"Atakuja kesho saa moja asubuhi!" mama alidakia, akijifuta machozi kwa upindo wa nguo, huku akichomoa kitu kilichochungulia kwenye mfuko wa suruali ya mwanawe. "Na kijiko chake mwenyewe!"