Posa kwa Simu ya Upepo

Jumatatu, 13 Januari 1986
Nimepata! Mashine mbili za simu ya upepo! Mzungu aliyefunga hoteli yake Watamu kaniachia. Mtu anasema hapa, mwingine anasikia kule, waya hakuna. Nimezijaribu dukani, zinafanya kazi. Mimi Phineas Mwaura, fundi wa redio, Malindi, nitaoa kwa ufundi!

Maana Jumamosi rafiki yangu Gerishom anakwenda Ganda kuniposea Kadii. Mila ya kwao, mshenga ndiye asemaye. Mwoaji hana ruhusa hata ya kukohoa uani. Gerishom ni mwoka mikate, mtu mwema, lakini hukubali kila anachoambiwa. Mzee Ngala, baba yake Kadii, atammeza mzima mzima. Na Dzombo naye anamtaka Kadii. Dzombo! Kutwa kukaa hoteli moja ya hapa mjini kuongea redioni na mashua zipelekazo Wazungu kuvua, na kujiona.

Mpango ni huu. Gerishom atatia kidude cha kusikilizia sikioni. Mimi nitajificha kwenye mihogo nyuma ya nyumba, nimnong'oneze la kusema.

Jumanne, 14 Januari
Kadii kapita dukani. Nikamweleza. Akasema niache, Gerishom anatosha, baba yake hapendi watu wa maneno mengi. Nikamwambia hajui mambo haya. Akaenda zake. Nampenda mno, ndiyo maana siwezi kumsikiliza.

Alhamisi, 16 Januari
Nimekwenda ofisi ya serikali kuuliza kama kibali kinahitajika. Kosa! Kinahitajika. Bi. Monicah, afisa wa mawimbi, akanieleza kwa upole kwamba njia za hewani ni chache. Serikali huzigawa: hii ya hospitali, hii ya ndege, hii ya mashua. Sasa wanazipanga upya, kwa kuwa simu za kwenye magari zinakuja. Wawili wakiingia njia moja, akasema, hakuna atakayesikika. Akauliza mimi nataka ya kazi gani. Nikasema posa. Akavua miwani, akaifuta, akauliza tena.

Posa si sababu, eti! Hewa ni ya Mungu. Yeye kagawiwa lini?

Jioni tukafanya mazoezi, mimi dukani, Gerishom kwenye tanuri lake. Aanze na mbuzi watatu. Akibanwa apande hadi watano. Zaidi ya hapo sina, na hilo asilitamke. Njia ilikuwa safi kabisa, ila mtu mmoja akipumua. Gerishom huyo, ana mafua.

Jumamosi, 18 Januari
Aibu! Aibu!

Gerishom alivaa kofia ya sufu kufunika kile kidude. Januari, saa sita mchana! Mzee Ngala akauliza kama mgeni ana homa. Hata hivyo shikamoo alizitoa vizuri, kibuyu cha pombe ya mnazi akakikabidhi, mambo yakaanza kunoga. Nikanong'ona watatu. Akasema watatu. Mzee akaguna. Nikanong'ona wanne.

Gerishom akakaza uso, akamweleza mzee kwa heshima zote kwamba chambo kimekwisha na Mzungu anatapika.

Mzee akauliza, Mzungu gani?

Sauti za mashua zimenifunika hewani! Namnong'oneza anyamaze, yeye anaendelea kama anasoma Injili: upepo umegeuka, samaki amekata mshipi, bia zimepata moto. Wazee wakatazamana. Shangazi mmoja akakisogeza kibuyu mbali naye. Hapo nikasahau kwamba nimejificha. Nikasimama katikati ya mihogo nikapiga kelele: Watano!

Mwoaji, uani kwa mkwe, siku ya posa! Mzee Ngala akavunja kikao. Akaniambia, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba asubuhi mshenga wa Dzombo alishakuja na kutaja sita. Kajuaje watano wangu? Mchawi yule!

Jumatatu, 20 Januari
Bi. Monicah kafika dukani na askari na gari lenye antena juu. Manahodha wamelalamika: samaki mkubwa anavutwa, redioni mtu ananong'ona wanne, wanne. Kazichukua mashine zote mbili. Nikirudia, ni mahakamani. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mazoezi yetu ya Alhamisi yalisikika hotelini. Kumbe aliyekuwa akipumua ni Dzombo!

Nimelia kidogo. Si kwa sababu ya mashine. Kadii hajapita dukani.

Jumanne, 21 Januari
Kadii kaja! Yeye mwenyewe kamkataa Dzombo mbele ya wazee wote, pamoja na mbuzi zake sita. Baba yake amelainika: Jumamosi Gerishom arudi, peke yake, kichwa wazi. Mimi nikae dukani, nifunge mdomo. Nikiharibu tena, Kadii anapelekwa kwa shangazi yake Matsangoni, na nisimfuate. Nikaapa. Akanishika mkono. Sijawahi kufurahi hivi.

Nimelitafakari kosa langu kwa makini. Ni moja tu: niliingia njia ya mashua, ambako kila mpuuzi husikiliza. Thuku wa gereji ana mashine nyingine mbili, ndogo, zinaenea mfukoni. Nimezitengeneza tangu mchana. Jumamosi tunatumia njia ya polisi. Huko hakuna mtu atakayethubutu kutuingilia.