Inchi Arobaini na Mbili, Bila Sauti

Jumanne, 15 Juni 2010

Benchi tupu. Miaka tisa nimewasomea wanaume wa mtaa huu gazeti kila jioni kibarazani kwangu, na kuwafafanulia. Leo amekuja kuku. Wote wako kwa Nassoro, mfanyabiashara wa kabichi, wanatazama Kombe la Dunia kwenye TV ya chogo yenye ukubwa wa trei la mayai. Hivi ndivyo soko huria linavyoua fikra! Nilikuwa katikati ya hoja yangu kuhusu ubinafsishaji wa mashamba ya chai. Sehemu ya nne. Hawatajua inavyoisha.

Jumatano, 16 Juni

Nimeamua. Nitanunua TV. Kubwa. Ya flati. Watarudi mbio. Hidaya, mke wangu, amenikumbusha kwamba mwaka jana niliandika gazetini kuwa TV ni kamba ya kuwafungia watu wazima. Nikamweleza kuwa ule ulikuwa msimamo. Hii ni mbinu. Akauliza pesa itatoka wapi. Mabati ya jiko yatasubiri. Akanijibu kwa Kishambaa, kwa kirefu.

Alhamisi, 17 Juni

Nimeshuka mjini Soni, dukani kwa Timotheo. Nilikwenda na tepu ya fundi cherehani. TV imeandikwa inchi 42. Nikapima upana: 36 na ushee. Wizi! Nikawageukia wateja na kuwahutubia. Timotheo akasema kwa upole kwamba TV hupimwa kona kwa kona.

"Wewe ulishauziwa shamba kwa kipimo cha kona kwa kona?" nikamuuliza.

Mama mmoja mwenye kapu la karoti akapiga makofi mara moja, akaguna. Nadhani aliniunga mkono. Timotheo akanivuta hadi chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na nyingine ya 42, nusu bei.

"Mwalimu, nakwambia mapema," akasema. "Picha safi, lakini haitoi sauti. Hata ukiiunga na spika za nje, kimya."

Nusura nimkumbatie. Picha bila sauti! Sauti si ninayo mimi? Nikalipa upesi kabla hajatambua alichoniuzia.

Ijumaa, 18 Juni

Imepanda mlima juu ya lori la viazi, imeviringishwa blanketi letu zito. Blanketi limerudi na tope. Hidaya amelala na kanga tatu. Baridi ya Juni huku haina mzaha, lakini fundi ameshafunga dishi.

Jumamosi, 19 Juni

Ushindi! Saa kumi na moja jioni, watu ishirini na watatu sebuleni. Ghana wanacheza. Hata Nassoro kaja, kakaa mkekani. Nikasimama kando ya kioo, nikaanza sehemu ya nne. Shukrani, fundi baiskeli, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, sauti iko wapi?"

Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo anayoisikia.

Ghana walipopata penalti nilikuwa nimefika kwenye bei ya majani mabichi ya chai, nikalazimika kusimama mbele ya kioo ili nichore hewani. Nilipogeuka, sebuleni wamebaki watu kumi. Nassoro alikuwa ameaga kwa heshima, eti anakwenda kumwangalia ng'ombe wake. Watu kumi na watatu, ng'ombe mmoja.

Jumapili, 20 Juni

Wamekuja wanne. Baada ya robo saa, mmoja. Shukrani aliniambia mlangoni kwamba hakuna mwenye ugomvi nami. Wangependa hata kunisikiliza kama zamani, pale kibarazani, kabla ya mechi ya usiku. Ila kwa ufupi.

Kwa ufupi! Anayetaka ufupi akasome matangazo ya vifo.

Jumatatu, 21 Juni

Lakini huyo mmoja! Mzee Ramadhani, mstaafu wa Idara ya Misitu. Siku tatu hajabanduka. Anatazama kioo, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima hoja. Leo nimemaliza sehemu ya nne, ya tano na ya sita mfululizo, na hakukohoa. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Fikra hazihitaji umati. Zinahitaji mtu mmoja makini.

Hidaya anasema Mzee Ramadhani hasikii kitu tangu mwaka juzi, mtaa mzima unajua, na kwake hii ndiyo TV pekee isiyopungukiwa na chochote.

Sawa. Kesho nitaongeza sauti.