Ukarimu kwa Kila Kichwa

Jumatatu, tarehe 3
Mkuu wa kitengo cha takwimu ametangaza mdahalo Ijumaa: taifa letu ni karimu au bahili? Mshindi atakuwa naibu wake. Mpinzani wangu ni Desimali, jirani wa meza, mchongaji penseli. Anasema nchi ya jirani ilipokumbwa na mafuriko tulipeleka mablanketi machache, tena mengine yana matundu. Nikamwambia agawanye kwa idadi ya watu, ataona. Tukagawanya. Nafasi ya ishirini na tisa duniani kwa ukarimu! Akacheka kwa pua.

Jumanne, tarehe 4
Wastani ukigoma kupanda, punguza vichwa. Nimetoa kwenye sensa bunda la karatasi za mtaa wa mama mkwe, nikalifungia kabatini. Ya ishirini na nane! Jioni nikapita mtaani kwake. Milango wazi. Birika linachemka, mtu hakuna. Nikazima jiko. Uungwana ni vitendo.

Jumatano, tarehe 5
Mabunda mia nne. Ya nane! Barabarani hakuna foleni. Nilidhani ni sikukuu. Mke wangu hakula. Alisema mama yake hapokei simu, na hata sura yake imeanza kumtoka kichwani. Akauona ufunguo wa kabati shingoni mwangu.
"Mume wangu," akasema polepole, "warudishe watu."
Nikaahidi: Ijumaa, baada ya mdahalo. Haraka ya nini?

Alhamisi, tarehe 6
Ya pili! Limebaki bunda la mtaa wetu; nalo nimelitoa. Karatasi ya Desimali nimeiacha. Ushindi bila mshindwa hauna ladha. Ya nyumba yetu nayo nimeiacha; ina mistari miwili ya majina. Mmoja nimeukata kwa penseli, ili mkato ufutike kirahisi.
Nyumbani nikakuta vikombe viwili vya chai, bado vya moto. Nikanywa vyote.

Ijumaa, tarehe 7
Ukumbi una viti mia tatu. Desimali peke yake, mstari wa mbele. Nikatangaza: wa kwanza duniani! Mwangwi ukashangilia. Desimali akauliza safari ijayo mablanketi atayafunga nani. Kisha, kama mtu anayeuliza njia:
"Na wewe sasa ni naibu wa nani?"
Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Jumamosi, tarehe 8
Nikifuta ule mkato na kufungua kabati, mke wangu na wengine watarudi. Na sisi tutaporomoka hadi ya ishirini na tisa. Haiwezekani. Isitoshe, tumebaki wawili. Akibaki mmoja, ukarimu unapanda maradufu!
Nimekwenda kuchukua karatasi ya Desimali. Haipo. Mezani pake nimeikuta yangu, na kando yake penseli iliyochongwa ikachongoka.
Mwizi mkubwa! Ameniibia wazo.