Dai la Uchakavu wa Mume

Harlan Creek, Ohio
Aprili, wiki ya kufungua msimu

Mheshimiwa Kamishna wa Kodi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa najua mwezi huu wengi wanakuombea kinyume chake. Hapa kwetu theluji imeyeyuka, soseji zinachomwa nje ya uwanja wa besiboli, na fomu zenu zimefika. Aliyepanga matumaini na kilio viangukie wiki moja alikuwa na akili nyingi.

Mimi ni mke wa Lyle Wojcik, aliyekuwa mrushaji mpira wa klabu ya besiboli ya mji wetu mpaka kiwiko kilipokataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Thornquist, mwenye kampuni ya mabafu ya kuogea, alipoinunua klabu, wahasibu wake walimwandika mume wangu miongoni mwa mali zinazochakaa, mstari mmoja chini ya mashine ya kukatia nyasi. Kila mwaka thamani ya mkono ule ilishuka, na kodi ya kampuni ikashuka nayo. Mwisho mkono ukaandikwa sifuri, na kampuni haikulipa hata senti. Nawapongeza.

2. Lyle alikatwa kodi yake yote, ingawa mkono umeota kwenye bega lake, si la Bwana Thornquist. Kiwiko kilipopasuliwa, mmoja alipata kovu, mwingine akapata nafuu ya kodi. Mkwe wangu Curtis, mshauri wa uwekezaji, ananicheka: "Mama, hasira za nini? Mali inayochakaa ndiyo tamu! Mngejisajili kampuni mapema." Nikamwambia, "Curtis, sisi tulisajili ndoa."

3. Basi naomba haki sawa: nipunguziwe kodi kwa uchakavu wa mume wangu. Nimewekeza kwa Lyle tangu usichana wangu. Masikio yake yamechakaa, hasa nikitaja takataka. Magoti pia. Mkono ndio umekwisha kabisa: kila asubuhi namfunga vifungo vya shati, naye anatazama pembeni. Hilo linaniuma, Mheshimiwa, na sijui linaandikwa mstari gani.

4. Usihofu kwamba wake wote wa Ohio watawaandikisha waume zao na hazina itakauka. Makampuni yamefanya hivyo miaka yote, na barabara zetu bado zina mashimo ya kumtosha kila mtu.

Wasalimie wenzako wa ofisini, familia yako, na ule muziki wa kusubirisha watu kwenye simu yenu niliousikiliza mpaka chai ikapoa.

Mlipaji wenu mtiifu,
Darlene Wojcik

N.B. Lyle ameisoma barua kabla sijafunga bahasha. "Darlene! Chini ya mashine ya nyasi? Mimi?" Akachukua mpira, akatoka uani, akaurusha. Umevuka uzio, ukapasua kioo cha mbele cha gari la Curtis, aliyekuwa ndiyo kwanza anaegesha. Curtis anasema si neno, gari ni la kampuni, ataliandika uchakavu. Lyle amekaa kwenye ngazi, kiwiko kimefunikwa barafu, anacheka peke yake. Tafadhali futa dai langu. Kesho vifungo atafunga mwenyewe.