Steki Nne Zatafutiwa Wachumba

Jumatatu, 2 Juni

Shajara yangu mpendwa, salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani tangu tulipoachana? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hata hilo nashukuru, maana la kulia lipo.

Habari kubwa! Mpishi mkuu wa hoteli yetu ameacha kazi. Kofia yake ndefu inaning'inia kwenye msumari wa stoo, nyeupe, imenyooka. Miaka yote hii nimechoma nyama chini ya kofia ile. Sasa ni zamu yangu. Ila mpishi wa samaki naye anaikodolea macho. Tunamwita Jenerali, kwa vile huamrisha hata sufuria.

Mama Hoteli, mwenye mali, katuita sote wawili ofisini. Kasema Jumamosi wanakuja wageni wazito. Wanataka steki za aina nne, na kila steki iletwe na pombe kali inayoendana nayo. Atakayefanikisha ndiye atavaa kofia. Akauliza, nani kati yetu anajua kuoanisha nyama na pombe? Jenerali akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema, Mama, hayo nayajua nje ndani.

Jenerali akacheka mpaka akashikilia meza. Akasema, huyu Mzee wa Kanisa? Huyu hata juisi iliyolala anaikimbia! Mama akamwambia ashughulike na samaki wake. Mimi nikakabidhiwa chupa nne za kujaribia nyumbani: wiski, jini, vodka na ramu.

Ukweli, shajara, tangu nibatizwe sijaonja hata tone. Lakini sikusema nimeonja. Nilisema najua. Mungu anaelewa Kiswahili.

Jumanne, 3 Juni

Kinachotakiwa ni ulimi. Wangu umeokoka. Nikamkumbuka shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi na bado yupo. Anakunywa. Simhukumu. Kila mtu na kipaji chake.

Nimesubiri mke wangu aende sokoni, nikawasha jiko. Sarara, ile laini ya mgongoni. Mbavu, yenye mafuta. Paja, lenye ubishi. Na ile ya mfupa katikati. Shemeji akaketi wima kama hakimu.

Sarara na wiski? Safi. Sarara na jini? Safi. Mbavu na ramu? Safi sana, shemeji, Mungu akuzidishie. Nikamwambia haiwezekani kila kitu kiwe safi. Akatafakari. Akakiri kwamba huenda kaharakisha, akashauri turudie toka mwanzo. Tukarudia. Mara ya tatu akanishika bega akilia, akasema katika dunia hii ni mimi tu ninayemuelewa. Kisha akalala mkekani, uma mkononi.

Nyama imekwisha. Elimu sifuri.

Jumatano, 4 Juni

Balaa! Nilisahau kuwa leo akina mama wa maombi wanakutana kwetu. Mke wangu ndiye mwenyekiti wao. Na chupa nimezificha wapi? Chini ya benchi lao!

Kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili wa kutosha, akakaa kwa kishindo. Chupa ikapinduka! Jini ikatambaa sakafuni, ikapita katikati ya viatu, harufu ikajaa sebule nzima. Wimbo ukakatika. Mke wangu akaniita, baba watoto, kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko kelele. Akauliza hiki ni nini. Nikasikia mdomo wangu ukijibu wenyewe kwamba ni dawa ya mchwa.

Shajara, walipiga vigelegele! Kumbe nyumba zote zina mchwa! Vikombe vikazunguka. Kila mama kaondoka na kidogo. Kiongozi wa kwaya kaomba na ile ya rangi ya chai, ana mchwa sugu. Ningekataaje? Chupa zangu zimebaki na aibu chini.

Nimetubu. Nusu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata ufunuo! Nilikuwa nafagia majivu. Kuoanisha! Mimi si mjumbe wa kamati ya ndoa kanisani? Si mimi ndiye ninayewakalisha wachumba na kuwapima tabia, nani atamvumilia nani? Na wengine mpaka leo bado wanaishi pamoja.

Basi nimepanga. Sarara ni binti wa kulelewa ndani, hajabeba hata ndoo. Apewe vodka, kijana mkimya asiye na rangi wala makelele. Mbavu ni mnene wa mafuta, mcheshi, hajatulia. Apewe jini, mwenye harufu ya majani, amtie adabu. Ya mfupa ina mambo yake moyoni. Apewe wiski, mtu mzima, ataelewa. Paja limetembea maisha yake yote, maskini. Apewe ramu, yenye utamu, imfute machozi.

Sijaonja chochote na nimemaliza kazi. Akili ni zawadi!

Jenerali alipita akasikia nikilibembeleza paja. Akauliza kama nitaliombea na mahari. Nimeficha kisu chake cha samaki. Mchana nikakihitaji mimi mwenyewe, nisikumbuke nilikokiweka.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji ameng'ang'ania aje kesho abebe sahani. Anasema kazi hii ameiota. Nimekubali. Angalau atavaa shati.

Kiongozi wa kwaya kanisimamisha njiani. Mchwa hawajafa, ila mume wake kapaka dawa siku mbili mfululizo na amekuwa na furaha ajabu.

Jumamosi, 7 Juni

Kaa vizuri, shajara, nikuambie.

Wageni walifika, watu wa matumbo ya heshima. Sarara ikatoka na vodka. Nikatoka nayo. Nikasimama mbele ya meza, nikaeleza malezi ya sarara, nikaeleza ukimya wa vodka, nikawausia wavumiliane. Wakapiga makofi! Mgeni mmoja mwenye miwani ya dhahabu akasema kweli, anausikia ule upole kwenye koo.

Makofi yale, shajara, ndiyo yaliyoniponza. Mbavu nikaihubiria zaidi. Ya mfupa nikaifungulia na sala. Nilipofika kwenye paja, nikakumbuka jinsi lilivyotembea juani, sauti ikakatika. Nikaomba dakika moja ya kujikaza.

Moshi! Paja lilikuwa bado jikoni. Jenerali alikuwa amesimama pale pale kando ya moto, mikono kifuani. Nilipomuuliza mbona hakugeuza, akasema yeye na nyama hawajatambulishwa.

Likapelekwa hivyo hivyo. Kisu cha yule wa miwani kikapinda. Mama Hoteli akanitazama, sijui nikufananishie na nini. Wageni wakaanza kutafuta makoti.

Hapo shemeji akaweka sahani chini. Akamwambia yule wa miwani, mzee, usipigane na hilo paja. Piga ramu fundo dogo, iache mdomoni, halafu kata ule ukingo usioungua. Na hiyo sarara na vodka waliyokuozesha ni kula pamba na kushushia maji. Ipe wiski, tena ndogo. Jini ndiyo uiache na mbavu, hapo hawajakosea, inakata mafuta.

Yule mzee akajaribu. Akafumba macho. Meza nzima ikaanza kumuita shemeji, bwana, njoo na huku! Mama Hoteli akamuuliza kajifunzia wapi haya. Akajibu bila haya kwamba ni nyumbani kwa shemeji yake, Jumanne. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza mbona mimi aliniambia kila kitu safi. Akasema aliyajua yote toka raundi ya kwanza, ila aliogopa angesema, somo lingeisha.

Jumapili, 8 Juni

Kofia kavaa shemeji. Imemkaa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jenerali alinicheka mpaka shemeji alipomtuma vitunguu. Sasa tunamenya pamoja, hatusemeshani.

Mke wangu amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Kaka yake amepata kazi! Kasema Mungu alinitumia mimi. Waumini wote wakageuka kunipongeza. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Jumatatu, 9 Juni

Shajara, inuka! Mama Hoteli katuita tena. Wale wageni watarudi, na safari hii wanataka kila steki imalizwe na sigara nene ya kuifaa. Atakayezioanisha atakuwa naibu wa mpishi mkuu. Shemeji akasema yeye havuti. Jenerali akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema, Mama, sigara nazijua nje ndani.

Sijawahi kushika hata moja. Lakini nimeshalipatia dawa. Mke wangu ana kaka mwingine, mkubwa wao, huyo anavuta kama tanuri la matofali. Nimemwandikia leo hii aje akae kwetu. Wiki moja tu.

Wewe unaonaje? Tafadhali nijibu upesi.