Mjomba Ndiye Meneja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka saa mbili. Nimepiga pasi suruali ya kijivu mpaka mkunjo ukakata kama wembe. Mtu asiye na kazi lazima awe nadhifu kuliko walio nazo. Kazi haijulikani itapita saa ngapi.

Habari kubwa: mpwa wangu amekuwa maarufu. Nimeipata mtaani badala ya nyumbani, jambo ambalo nitalizungumza na dada yangu. Jana fundi simu wa kibanda cha mkabala alirusha mtandaoni video aliyojirekodi binti akiimba wimbo aliotunga mwenyewe, ameketi juu ya ndoo bafuni. Huimbia bafuni kwa sababu chumbani kwake nalala mimi. Mgongo wangu na kochi havipatani. Yeye hulala sebuleni, kati ya cherehani ya mama yake na marobota ya vitambaa. Hajalalamika hata siku moja. Ana adabu sana.

Bafuni sauti yake ikapata mwangwi, na mwangwi ndio uliowateka watu. Kwa hiyo, ukifuata mambo kwa mpangilio, aliyemgundua ni mimi.

Fundi simu anadai ni yeye. Nimemwambia abaki na vioo vyake vilivyopasuka.

Nimejiteua meneja. Nimetangaza wakati wa chakula cha mchana. Binti akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sufuria. Hakuna aliyepinga.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeusikiliza wimbo wote kwa makini. Unaitwa "Hodi Chumba Changu". Unahusu mwanamume mzima anayehamia kwa watu na kumnyang'anya msichana chumba. Kiitikio:

*Alikuja na kibegi,*
*akasema napita tu;*
*leo mimi nabisha hodi*
*mlango wa chumba changu.*

Ubeti wa pili unaeleza jinsi anavyopiga pasi suruali kila asubuhi na haendi popote. Wa tatu, anakula yai la mwisho halafu anauliza nani kamaliza mayai. Unachoma. Nimejisikia vibaya kwa niaba ya familia hiyo.

Nimemuuliza dada yangu kama wanamfahamu mtu huyo. Alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kushona. Nimemuuliza binti mwenyewe. Akasema, "Ni watu tu, Mjomba. Wapo." Busara kubwa kwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Kitaalamu nimeona kosa moja. Hakuna anayehamia na kibegi. Mimi, kwa mfano, nilikuja na sanduku kubwa na redio. Nimemshauri arekebishe. Alichukua kalamu haraka sana. Akaniuliza redio ilikuwa ya rangi gani. Nikamwambia ya kijani. Hivi ndivyo msanii na meneja wanavyopaswa kufanya kazi.

Yai lilikuwa moja tu leo. Umeneja unahitaji nguvu.

Jumatano, 6 Machi

Amekuja mama mmoja kutoka kampuni ya muziki. Miwani mikubwa, maneno machache. Akakalishwa kwenye kiti cha wateja wa kushona. Anataka nyimbo tatu mpya, zirekodiwe kwa simu tu, lakini kwenye utulivu. Akizipata kabla ya Jumatatu na akaridhika, atamsaini binti. Asipozipata, kuna msichana mwingine anasubiri.

Bafuni ameenda kupaona mwenyewe. Bomba linadondosha. Akauliza, nyumba nzima hakuna chumba chenye mlango?

Nikaona nimsaidie. Nikamweleza kwamba chumba kipo, ila ni ofisi ya meneja.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani hakutegemea kwamba familia kama yetu ingekuwa na ofisi.

Alipoondoka nimejenga studio. Nimechukua meza ya dada yangu ya kukatia nguo, nikaifunika kwa mablanketi pande zote (ya kwao, langu nalitumia), nikamwingiza binti chini yake. Aliimba ubeti mmoja, akatoka amelowa jasho kama aliyekimbizwa. Tulipousikiliza, ilisikika cherehani, na ndani ya cherehani, mtu anayekoroma. Nilikuwa nimejinyoosha kidogo nikisubiri. Binti akafuta.

Nimemwambia wasanii wakubwa hawakati tamaa mapema. Akasema, "Sawa, Mjomba."

Ijumaa, 8 Machi

Siku yangu ya kwanza redioni!

Walimpigia binti, simu nikaipokea mimi, nikaenda mimi. Suruali ya kijivu. Mtangazaji ni kijana mchangamfu. Alikuwa na wimbo uliorekebishwa, wenye sanduku, maana binti aliurusha jana. Akaniuliza kama naishi na msanii. Nikasema tunaishi pamoja, namsimamia kwa karibu. Akauliza nilihamia lini. Nikamwambia nilikuja mara moja tu kumsalimia dada, kabla binti hajaanza sekondari. Akauliza binti analala wapi. Nikasema sebuleni. Akauliza polepole kama, kwa bahati, nilikuja na sanduku na redio ya kijani.

Nikamsifu. Kijana anafanya utafiti wake.

Alizima maikrofoni akalala juu ya meza. Alipoweza kukaa tena, simu za wasikilizaji zilikuwa zimefurika. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe mjomba, huna haya?" Nikamjibu kwamba kwenye tasnia hii ukiwa na haya hufiki popote. Mama mmoja alisema nyumbani kwake yupo mwingine kama mimi. Nikampongeza.

Kurudi mtaani, watoto wananiimbia hodi, hodi. Umaarufu unaambukiza. Fundi simu alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Wivu ni ugonjwa.

Jioni dada yangu aliweka mkasi chini. Akasema, "Kaka, mtoto anaomba chumba. Kesho na keshokutwa tu, arekodi. Usipompa, yule mama anamchukua mwingine. Hatakuomba kitu kingine maisha yake yote."

Suala hili nimelitafakari kwa haki. Nimemweleza kwamba kumhamisha meneja katikati ya kampeni kunavunja mtiririko. Hata hivyo mimi si mtu mgumu. Binti anaweza kukitumia chumba nikiwa nimetoka. Kwa bahati mbaya kesho na keshokutwa ni mwisho wa wiki, sitoki.

Binti alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akasema, "Asante, Mjomba." Akachukua daftari lake akatoka nje. Nimefurahi kwamba ameelewa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka kwenye utulivu wa ajabu. Nikadhani hatimaye wamejifunza kuheshimu usingizi wa mtu.

Cherehani haipo. Marobota hayapo. Pazia halipo.

Nimeuliza mkabala. Fundi simu alifurahi mno kunieleza. Jumamosi na Jumapili binti alirekodi kibandani kwake, milango imefungwa, mablanketi yamepigiliwa ukutani. Nyimbo zote tatu. Mama wa kampuni alizisikiliza jana jioni, akamsaini hapo hapo, akawapa yeye na mama yake nyumba karibu na studio. Wamehama alfajiri. Fundi simu ndiye aliyebeba cherehani. Nimemwomba anielekeze wanakoishi, akasema hapo kibandani wanatengeneza simu tu.

Nimempigia dada yangu. Alipokea. Akasema, "Kaka, tumehama. Chumba tumekuachia." Kabla ya kukata nikamsikia binti kwa nyuma akicheka. Sikujua kama anaweza kucheka kwa sauti kubwa hivyo. Ingefaa kwenye kiitikio.

Nimetafakari. Wameniachia chumba, wala hawakuniamsha. Ni watu wachache wanaoagwa kwa heshima namna hiyo. Nimemwandikia binti kwamba akitaka kuja kunitembelea anakaribishwa, ila aseme mapema na asikae sana. Wageni wanachosha.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenye nyumba ameleta wapangaji wapya. Bwana mpole, mwalimu, na mkewe, na mtoto mchanga. Nimewapokea vizuri. Nimewaonyesha sebule.

Mwalimu aliuliza kwa upole mimi naondoka lini. Nikamwambia napita tu. Mkewe akasema mwenye nyumba aliwaahidi vyumba vyote. Nikamwomba asijali, sisi watu wazima tutaelewana. Kisha akaniita kaka. Nilijua tu ni watu wa adabu.

Mtoto wao amelia tangu magharibi. Nimemsikiliza kitaalamu kupitia ukuta. Pumzi anayo. Anapanda juu bila kukwaruza, anashuka, anapanda tena. Wazazi wanambembeleza anyamaze! Hawajui wameshika nini mikononi.

Nimewafuata sebuleni nikajitambulisha rasmi kuwa ni meneja, na kwamba nimeshamtoa msanii mmoja katika nyumba hii hii. Nimewaahidi sitawatupa. Nitabaki hapa mpaka mtoto asimame kwa miguu yake mwenyewe.

Mwalimu alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sufuria.