Kodi ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimedaiwa kodi. Na nani? Na mama yangu mzazi! Ndani ya nyumba niliyozaliwa, kwa ajili ya chumba cha nyuma ambamo nimelala tangu enzi za kukojoa kitandani. Loo, dunia imekwisha.

Alinisubiri nimalize chai. Akaweka mkasi mezani, akasema kuanzia mwezi huu kila mtu mzima anayelala humu atachangia. Nikauliza ni nani na nani hao. Akasema ni mimi. Dada mkubwa, ambaye ameolewa na hata haishi hapa, akaitikia kwa kichwa. Kilichomleta asubuhi yote ile sikijui.

Sababu ni jicho la mama. La kushoto lilizimika mwaka juzi kwa presha ya macho. Sasa daktari kasema la kulia nalo liko njiani. Lipasuliwe tarehe 25 mwezi huu. Likicheleweshwa litazimika, na likizimika halirudi tena. Dada katoa nusu ya gharama. Mama ana akiba yake kwenye kopo la vifungo. Kilichopungua ni sawasawa na kodi yangu ya miezi mitatu.

Nilijibu kwa heshima kwamba mtoto hakui kwa mzazi wake. Mama akasema nina miaka thelathini na sita. Nikasema hiyo ni namba tu. Nimepewa hadi tarehe 20.

Niandike ukweli, maana hapa nasoma mwenyewe: pesa sina. Mimi ni dalali wa vyumba. Nawatafutia watu pa kuishi, na mwezi huu watu wote wameridhika na wanapoishi.


Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia! Anayelipa kwa kazi halipi kwa pesa. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake siku hizi inalia hadi majirani wanajua anashona nini. Nikiitengeneza nitadai ufundi wangu. Ufundi ukatwe kwenye kodi. Tutakuwa hatudaiani.

Alipotoka kupeleka suruali za mteja nikaifungua. Nikafuta vumbi, nikatia mafuta kila tundu nililoliona. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamebaki matone mawili, nikamalizia na ya kupikia. Mafuta ni mafuta. Sasa haisikiki kabisa. Nimelala mchana kwa amani.


Ijumaa, 7 Machi

Si vizuri.

Kulikuwa na majoho ya kwaya, ishirini na nne, meupe pe. Mama kashona siku mbili mfululizo, kayakunja, kayapeleka. Leo mwalimu wa kwaya kayarudisha yote. Kila joho lina mstari wa madoa ya manjano kuanzia shingoni hadi chini. Kasema waimbaji wake wataonekana wametoka kukaanga kitu.

Mama akainama hadi pua ikagusa kitambaa. Akauliza, doa liko wapi? Mwalimu akakishika kidole cha mama, akakiweka juu ya doa. Nilikuwa mlangoni. Niliangalia pembeni.

Vitambaa vimelipwa kutoka kwenye kopo la vifungo. Dada kauza hereni zake za harusi kuziba pengo hilo na kaniambia nisimsemeshe hadi atakaposema yeye. Mama hakugomba. Aliniuliza nilitia mafuta gani, nikamwambia, akasema asante kwa kunisaidia. Heri angenitukana. Roho imeniuma hadi jioni.

Hata hivyo, mwalimu wa kwaya naye alipaswa kukagua pale pale alipokabidhiwa. Watu hawafuati utaratibu.


Jumapili, 9 Machi

Wazo jipya, na hili ni la kitaalamu. Mimi ni dalali au si dalali? Chumba changu kinaingia vitanda viwili. Nitamwingiza mpangaji. Nitamtoza zaidi ya kile anachonidai mama. Cha mama nampa mama, kinachobaki changu. Yaani nitalipwa kwa kulala!

Mama nitamwambia ni rafiki yangu mwenye shida. Ana huruma sana kwa wenye shida, isipokuwa mimi.


Jumanne, 11 Machi

Kaja. Mtu mzima, mkimya, begi moja, viatu vimefutwa. Bei aliikubali bila kubishana, nikajilaumu kwa nini sikupandisha. Baadaye ndipo nikamuuliza kazi yake. Anafanya kazi mochwari! Anawaosha maiti na kuwavisha. Ndiyo maana hakubishana. Kila anapopanga, wenzake wa chumba wanahama.

Nimempa jina la Kimya. Hakoromi hata kidogo. Ningefurahi akikoroma, angalau nijue kwamba anapumua.

Mama kampokea vizuri mno. Kamwita mwanangu dakika ya tatu. Mimi mwenyewe sijaitwa hivyo tangu habari ya mafuta.


Jumamosi, 15 Machi

Kimya anajipendekeza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anakaa na mama na kumtungia nyuzi kwenye sindano. Nyeupe kumi, nyeusi kumi, anazichomeka kwenye mto mdogo, za uzi mweupe upande wa kulia, za uzi mweusi upande wa kushoto. Mama anapata za kutumia siku nzima kwenye mapindo na vifungo. Nani kamtuma?

Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia mimi. Kasema tangu mwaka jana tundu la sindano halioni, kwa hiyo huwa anakaa pale mlangoni na kumwomba anayepita amtungie. Mwaka mzima! Siku zote nilidhani anakaa pale kwa ajili ya upepo.

Sikubali kupitwa na mpangaji ndani ya nyumba yetu. Jumatatu nitaamka kabla yake.


Jumatatu, 17 Machi

Niliamka. Nikatunga sindano thelathini, siyo ishirini. Tena kwa akili: Kimya anakata uzi kila sindano, upotevu mtupu. Mimi nilipitisha uzi mmoja mrefu kwenye sindano zote thelathini, moja baada ya nyingine, nikazichomeka kwenye mto. Kazi safi. Nikamwambia mama ziko tayari.

Mama akavuta moja. Zikaja zote. Alipojaribu kuzikamata zikamchoma kiganjani, nne au tano, na nyingine zikatawanyika sakafuni. Akabaki amesimama pale pale, anaogopa kuinua mguu. Nilizitafuta kwa magoti. Nimepata ishirini na nane.

Kimya aliporudi akamfunga kiganja. Mikono yake myepesi, ingawa wateja wake hawajawahi kumlalamikia mtu. Wakiwa katika kufungana huko akataja kodi atakayonilipa mwisho wa mwezi. Alidhani mama anajua! Mama akacheka kidogo, kisha akaacha. Akageukia upande niliokuwa, karibu na kabati, akasema:

"Kwa hiyo kodi unaijua."

Nikatoka nikatembee.


Alhamisi, 20 Machi

Siku ya mwisho niliyopewa. Na mlango ukafunguka wenyewe.

Kimya kanilipa miezi mitatu kwa mkupuo, taslimu, chumbani. Kasema anajua habari ya tarehe 25, na hizi nimkabidhi mama leo leo, zitakuwa zimetimia. Akaenda zake kazini. Mtu mwema, siwezi kukataa.

Kutoka chumbani hadi anakoshonea mama ni hatua kumi na mbili. Kwenye hatua ya tisa nikapata wazo.

Nikimpa hizi pesa, nimekubali kwamba nadaiwa. Mwezi ujao nitadaiwa tena, na mwaka ujao, hadi nizeeke nikiwa mpangaji wa mama yangu. Lakini nikihama! Nikachukua chumba kwingine, nikafunga godoro mbele ya macho yake, atajua uchungu wa mwana. Atanishika mkono, ataniambia rudi, kodi basi. Mimi nitarudi, mwenye nyumba wa huko atanirudishia pesa, nitampa mama zote kama zawadi, siyo kodi. Jicho linapasuliwa na heshima yangu inabaki. Siku tano zinatosha na kubaki.

Saa nane nilikuwa nimeshalipa chumba mtaa wa tatu. Miezi mitatu.


Ijumaa, 21 Machi

Nimetangaza kuhama. Nilisimama katikati ya nyumba, godoro begani.

Nikajiandaa kushikwa mkono. Mama akauliza kama chumba kina dirisha. Nikasema kina. Akauliza ukubwa wake, nikamwonyesha kwa mikono, kisha nikakumbuka, nikamwambia kwa mdomo. Akatoa kitambaa kilichobaki cha mteja, akakaa, akanishonea pazia. Pindo limekwenda kombo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza limenyooka? Nikasema limenyooka.

Akasema habari ya kodi nisiiwaze tena, yeye atajua la kufanya, na nile vizuri huko niendako. Kimya akanibebea godoro. Hakuna aliyesema rudi.


Jumapili, 23 Machi

Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Nilikaa mlangoni siku mbili. Labda hawajui njia.

Nikaenda kwa mwenye nyumba, nikamweleza kwamba nimebadili mawazo, anirudishie. Mzee yule akasema pesa ya kodi ni kama mate, ikishatoka hairudishwi mdomoni. Msemo huo nimemfundisha mimi! Kwa miaka sita nimewaambia wapangaji wake wote hivyo hivyo, na wengine walilia mbele yangu. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Nikajaribu kumwambia ni za jicho la mama. Akasema hiyo nayo tunaijua, mbona wewe ulinifundisha nisiamini habari za wagonjwa.


Jumanne, 25 Machi

Leo sikutoka. Nimekaa kitandani nikiangalia pazia.

Jioni dada alikuja. Sikutegemea, maana alikuwa haniongeleshi. Alisimama, hakutaka kukaa. Akanieleza mambo yalivyokwenda, polepole, kana kwamba ananisomea barua.

Walifika hospitali asubuhi. Kimya aliomba ruhusa kazini ili awasindikize. Pale dirisha la malipo zikahesabiwa, zikapungua. Mama alikuwa amekwenda kuwaomba wapokee kidogo, kingine alipe kwa kushona. Wakakataa. Kimya akasema, lakini mama, zile za miezi mitatu nilizotoa Alhamisi? Dada anasema mama aligeuza uso. Kisha akasema:

"Hee, nimezisahau nyumbani."

Kasema hivyo mbele ya foleni yote. Karani akamwambia basi azifuate, atasubiriwa. Mama akasema hapana, amechoka, apewe tarehe nyingine. Wamempa tarehe 15 Aprili.

Dada alipomaliza nilitaka kumweleza mpango wangu ulivyokuwa, kwamba nia ilikuwa njema. Alikuwa ameshatoka.


Jumatano, 16 Aprili

Sijaandika siku nyingi. Nilikuwa natafuta pesa, nikapata nusu ya nusu, nikaipeleka kwa dada. Hakuihitaji. Kimya alikuwa amekopa kazini kwake.

Ila tarehe 11, saa sita mchana, jua likiwa linawaka, mama aliuliza kama umeme umekatika.

Jana daktari alimpima, akasema hakuna tena cha kupasua. Kama lingewahiwa mwezi uliopita, alisema, kisha hakumaliza. Kimya ndiye aliyenipa habari, kwa sauti ile ile anayotumia siku zote. Hakunilaumu. Nadhani amezoea kuwapa watu habari za namna hiyo.

Nimelia. Naandika hapa kwamba nimelia, hadi jirani akagonga ukuta. Nimemzima mama yangu jicho, mimi, kwa mikono yangu. Nimeapa nitabadilika. Nimeapa kwa sauti.


Jumapili, 27 Aprili

Leo nimemtembelea mama. Anaishi kwa dada sasa. Cherehani imeuzwa. Nyumba yetu kapangishwa Kimya, analipa tarehe moja asubuhi, na mama anaishi kwa hiyo.

Alinipapasa uso kwa mikono miwili, taratibu, kuanzia paji hadi kidevuni. Akasema nimekonda. Akauliza kama nimekula, akamwambia dada anipakulie. Nilimwomba msamaha. Akasema mwanangu, kula kwanza, chakula kinapoa.

Nilikula. Nilikaa naye mchana wote. Mara tatu aliinuka kwenda msalani akishika ukuta, mara ya pili akapotea, akaingia stoo. Dada na shemeji wanashinda kazini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, anakuwa peke yake. Jambo hili limenigusa sana.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza, kwa utani tu, kama dada anamtoza kodi. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi Machi.

"Nani anamdai mtu wake kodi?"

Nimelirudia neno hilo njia nzima. Kumbe! Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake, na dada alikuwa anasikia.

Sasa mambo yamekaa wazi. Mama anahitaji mtu wa kumshika mkono mchana kutwa. Mtu huyo ni mwanawe. Mwanawe anahitaji pa kulala. Ile stoo nilipomfuata nimeiangalia vizuri: ina dirisha, ina mlango wake wa nje, na godoro langu likikaa upande mmoja inabaki nafasi ya kitanda cha pili. Kesho nahamia. Kitanda cha pili nimeshampata mtu wa kukipanga, kijana mpole, kaniahidi miezi mitatu kwa mkupuo.